Kipande Cheupe kwenye Nyumba Nyeupe

Katika misioni yetu ya Masisi kulikuwa na Padri mzee aliyecheza eshek, yaani sataranji, na watu ambao hajapata kuwaona. Mmoja alikuwa mwalimu kama mimi, huko Ubelgiji. Mwingine alikuwa daktari wa meno. Mwingine Padri hakujua kazi yake, alijua tu kwamba ana haraka na hapendi kupoteza farasi wake. Walikuwa katika mashindano ya kucheza kwa posta. Kadi ilitoka kwao ikiwa na tarakimu chache tu, ikapanda ndege, ikafika Goma, ikaletwa Sake kwa lori, kisha ikapanda milima hadi kwetu pamoja na magunia ya chumvi na sabuni. Kati ya kadi moja na nyingine mvua zilianza na kukatika. Mchezo mmoja uliweza kuchukua muda wa mtoto kuzaliwa, kuota meno na kuanza kutembea.

Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya misioni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeoa karibuni. Tulikaa katika nyumba ya matofali mabichi chini ya shule, karibu na shamba la baba yangu, aliyelima maharage na mahindi kwenye mteremko uleule alioulima baba yake. Siku moja baada ya masomo Padri aliniita barazani kwake. Mezani kulikuwa na ubao wenye nyumba nyeusi na nyeupe, na vipande vya mti vimesimama juu yake.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe uko na mikono ya kutulia. Utanisaidia kupanga hivi bintu. Vidole vyangu vinaviangusha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kadi ikija, niliisoma kwa sauti, nikasogeza kipande cha mpinzani, kisha tukakaa kimya tukitazama. Alinifundisha majina: mfalme, malkia, mnara, farasi, askari wadogo. Kile kipande kinachokwenda mshazari, Kifaransa kinakiita kichaa, na Padri alicheka aliponieleza kwamba Waingereza kipande hichohicho wanakiita askofu. Aliniambia pia kwamba wakati wa vita, alipokuwa akicheza na watu wa Afrika Kusini, bwana mmoja wa serikali alizizuia kadi zake akiamini kwamba zile tarakimu ni siri za adui. Ilibidi Padri ashuke hadi ofisini na ubao wake, amfundishe yule bwana mchezo mzima, ndipo akarudishiwa kadi.

Mwanzoni nilidhani hatua nzuri ni ile inayokula. Kuna siku mnara wetu uliweza kula askari wa bure kabisa, amesimama pembeni bila mlinzi.

"Padri, tumukule," nikasema.

"Yeye anataka nini?"

"Nani?"

"Yule wa Ubelgiji. Kabla ya kujua unataka nini, ujue yeye anataka nini."

Nikatazama tena. Mfalme wetu alikuwa amekaa kwenye mstari wa mwisho, na mbele yake askari wake wamesimama wamebanana kama ukuta. Mnara wetu ndio peke yake uliolinda mstari ule. Ukiondoka kwenda kula, mnara wa adui unashuka hadi chini, na mfalme anafia nyumbani mwake, amefungiwa na walinzi wake mwenyewe. Nikaurudisha mkono ambao nilikuwa nimekwisha kuunyoosha.

"Sasa tufanye nini?"

"Tafuta. Kadi haiondoke leo."

Nilitafuta hadi jua likaingia nyuma ya mlima. Jibu lilikuwa kumsogeza askari wa pembeni nyumba moja tu, ili mfalme apate mlango wa kutokea. Hatua ndogo, haili kitu, haimtishi mtu. Padri aligonga meza polepole kwa kidole.

"Njo hiyo," akasema. "Andika."

Tangu siku ile nilishikwa. Nilibeba zile hali kichwani hadi darasani, hadi shambani, hadi mezani kwangu. Mke wangu aliniuliza siku moja kama ugali una dosari, kwa sababu nilikuwa nautazama bila kula. Nikamwambia nafikiri kuhusu farasi.

"Farasi wa nani?" akauliza.

Akacheka, nami nikacheka. Wakati ule tulikuwa tunacheka kwa urahisi.

Mambo yalibadilika siku moja ya mawingu. Tulikuwa na mchezo mgumu na yule mtu wa haraka. Padri aliinama juu ya ubao, uso wake karibu kugusa vipande, akasema tumpeleke malkia kwenye nyumba fulani, pale katikati. Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini. Nikasema pale pana kichaa wetu.

"Wapi?"

"Pale pale, Padri. Mbele yako."

Akanyoosha mkono, akapapasa, kidole kikakigusa. Kilikuwa kipande cheupe juu ya nyumba nyeupe. Hakukiona. Alikaa na kidole juu yake kwa muda mrefu, akikizungusha taratibu, na mimi nikaelewa kwa nini vidole vyake vilikuwa vinaangusha vitu, na kwa nini aliniomba nisome kadi zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Padri."

"Usimwambie muntu. Wakijua, watanirudisha Ulaya. Kule siko na muntu tena. Ndugu zangu bote bamekwisha kufa. Bantu benye najua njo hawa, na mlima njo hii."

Nilikubali. Angekuwa mtu wa nyumbani kwangu ningemjibu hivyohivyo. Lakini tangu siku ile nilianza kuona vingine ambavyo sikuvitafuta. Padri ndiye aliyekuwa anaendesha kamioneti ya misioni. Shofere wa zamani alikuwa ameondoka kutafuta kazi kwenye migodi ya Walikale, na padri wa pili, kijana, alitembea kwa pikipiki yake kwenye makanisa ya mbali. Nikagundua kwamba mzee anaendesha asubuhi tu, jua likiwa zuri. Anapiga honi kwenye kila kona. Siku ya soko alikanyaga mbuzi, na watu wakacheka wakisema mbuzi wa mlima ule hawana akili. Mimi nilisimama pamoja nao na sikuweza kucheka.

Nilimwambia mara moja, tukiwa barazani. "Padri, gari."

"Gari nini?"

"Iko na hatari."

"Mimi nilikuwa hapa wakati hii barabara inachimbwa," akajibu. "Soma kadi."

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimwanza wakati wa mvua kubwa, ukaendelea usiku na mchana bila mtoto kushuka. Masera, mtawa aliyekuwa anatibu watu kwenye misioni, alitoka chumbani akifuta mikono, akaniambia wazi kwamba yeye amefika mwisho wa uwezo wake, lazima tumfikishe hospitali ya Goma. Mama mkwe wangu akasema tumbebe kwa kipoi, ile machela ya mabegani, vijana wa kubeba wapo. Masera akatikisa kichwa.

"Kwa kipoi hatafika muzima," akasema.

Padri wa pikipiki alikuwa mbali, hata siku ya kurudi haikujulikana. Nilimtuma jirani kwa Mzungu mpandaji kahawa wa mlima wa pili kuomba gari. Akarudi na matope hadi magotini: Mzungu ameshuka Goma nalo. Wakati bado anazungumza nikasikia injini ya kamioneti. Padri alikuwa ameileta mwenyewe hadi mlangoni kwangu, taa zinawaka mchana kwa sababu ya ukungu.

"Mumupakie," akasema.

Mama mkwe alishukuru. Masera alishukuru. Pale mlangoni mimi peke yangu nilijua. Nilikwenda dirishani kwake.

"Padri, unaona?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Naona ya kutosha."

"Leo kuna ukungu."

"Mwalimu, iko gari ingine?"

Hakukuwa na nyingine. Nilisikia mke wangu akilia ndani ya nyumba kwa sauti ambayo haikuwa tena sauti yake. Sikufikiri sana, ingawa baadaye watu walinihesabu kama mtu aliyepanga yote. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, chini ya turubai, mama yake upande huu na Masera upande ule. Mimi nikaingia mbele, karibu na Padri.

"Nitakuambia barabara," nikasema.

Akatia gia. Tukaondoka.

Nilianza kusema na sikunyamaza tena. Kushoto kidogo. Sasa nyoosha. Kuna shimo, pita kulia. Mwanzoni alikasirika, akasema najua, najua. Kisha tukakuta ng'ombe barabarani, kundi zima, rangi yao kama ya ukungu wenyewe. Nikasema simama, naye hakusimama kwa sababu hakuona cha kusimamia. Nikaushika usukani. Gari liligusa ng'ombe mmoja kwenye paja, likazimika. Mchungaji alitutukana kwa Kinyarwanda, kisha akaona msalaba wa Padri, akanyamaza. Baada ya hapo Padri alinifuata. Niliposema kulia alikwenda kulia. Niliposema polepole alikwenda polepole. Alikuwa anasali kwa Kilatini, si kwa sauti, midomo tu.

Kwenye daraja la miti nilimwambia asimame nishuke. Miti ilikuwa imelowa, na pembeni hakukuwa na kizuizi chochote, chini maji yanaunguruma. Nikamwomba mama mkwe kitambaa chake chekundu. Hakuelewa. Akanipa huku akiniuliza ni cha nini. Nilijifunga nacho mabegani, nikatembea mbele ya gari kinyumenyume, mikono imenyooka, kwa sababu nilijua nyekundu bado anaiona. Gari likanifuata mti kwa mti. Gurudumu la nyuma liliteleza mara moja, nikasikia gome likibanduka na kudondoka majini, na Masera ndani akaita jina la Bikira. Tukavuka. Nilipoingia tena ndani, Padri alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyetoka kulima.

Tulipofika Sake ukungu ulikuwa umebaki juu milimani na ziwa lilionekana. Padri alitaka tuendelee.

"Toka hapa barabara iko sawa," akasema. "Twende."

Lakini Sake ilikuwa siku ya soko, watu wengi. Wanawake na ndizi, watoto, baiskeli, malori. Kwa ng'ombe nilishika usukani. Kwa watoto sikutaka kujaribu. Pembeni palikuwa na lori lililotoka upande wa Shasha, na shofere wake ameegemea mlango anakula muhindi wa kuchoma. Nikamwambia Padri asimame, nikashuka.

"Kaka, nisaidie. Bibi yangu iko ndani, iko na uchungu tangu juzi. Utuendeshee mpaka Goma."

Alichungulia ndani ya kamioneti, kisha akanitazama.

"Padri iko na usukani. Mbona mimi?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Padri alikuwa ametazama mbele, dirisha liko wazi, anasikia kila neno. Nilijaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema, na kila namna niliyoipata ilikuwa ndefu kuliko pumzi ya mke wangu.

"Padri haone," nikasema.

Masera aliinua turubai akanitazama. Shofere aliacha kutafuna. Alivua kofia yake, akaweka muhindi juu ya tairi la lori, akaenda akafungua mlango wa kamioneti. Padri alisogea katikati ya kiti. Akakaa na mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi. Mimi nilipanda nyuma na mke wangu. Tulipita Mubambiro, tukaingia kwenye mawe meusi ya volkano, na njia nzima mke wangu aliniuliza kama tumefika.

Binti yetu alizaliwa Goma siku hiyohiyo, jua bado halijazama. Daktari alimpasua mke wangu, na kwa siku nyingi hatukujua kama atapona. Alipona. Wakati ule wa kungoja nililala kwenye baraza ya hospitali, na sikwenda kumtafuta Padri. Masera alikuwa ameeleza kila kitu kwa wakubwa wa mapadri. Ilikuwa haki yake, alikuwa nyuma ya gari lile. Wakubwa wakaamua kwamba mzee arudishwe Ulaya, asipande Masisi hata kufungasha vitu vyake. Mimi ndiye niliyetumwa kupanda kuvileta, sanduku la nguo, vitabu, na ubao.

Nilimkuta katika nyumba ya mapadri, chumba kinachotazama ua. Nilimsalimu, akaitika. Hakuniita Mwalimu. Akauliza kama kuna kadi. Ilikuwapo moja, kutoka kwa yule mtu wa haraka, mchezo wa mwisho uliobaki. Nikapanga vipande kama vilivyotakiwa kuwa, akavipitia kimoja kimoja kwa vidole, bila kuangusha hata kimoja.

Tulitafuta mchana mzima. Yeye alitaka kutoa mnara, uliwe, ili farasi na malkia wamvamie mfalme. Ilikuwa hatua ya kupendeza. Nilifuata majibu moja baada ya jingine na nikaona tundu: mfalme anakimbilia pembeni, nyuma ya askari wake, na sisi tunabaki bila mnara na bila shambulio. Nikamwonyesha hatua nyingine, ya kubadilishana malkia. Isingeshinda, lakini isingeshindwa. Tungegawana pointi, sare.

"Kugawana kwa nini?" akasema. "Mimi naenda. Andika mnara."

Nilishika kalamu. Ningeweza kuandika hatua yangu na asingejua kamwe. Niliandika ya kwake.

"Nisomee."

Nikamsomea tarakimu. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Pale Sake ungeniambia pembeni."

"Hapakuwa na wakati, Padri."

"Ulikuwa na wakati. Ulikuwa na miezi."

"Wewe njo uliniomba ninyamaze."

"Ndiyo," akasema. "Na ulininyamazia vizuri sana, mpaka mbele ya soko."

Nikaitia kadi mfukoni. Niliaga, akanipa mkono, na mkono wake ulinitafuta hewani kabla ya kunipata. Hatukuonana tena.

Jibu la kadi lilifika Masisi yeye akiwa amekwisha kuondoka. Nilichonga vipande vyangu, nikavipanga kwa kukumbuka, juu ya ubao nilioutengeneza mwenyewe kwa kipande cha sanduku. Mfalme wa yule mtu alikuwa amekimbilia pembeni. Nikaituma kadi Ulaya bila kuongeza neno.

Mkuu mpya wa misioni hakukaa sana kabla ya kunihamisha. Alisema Walikale walimu ni wachache. Ilikuwa kweli. Watu wa mlima wetu walisema nafukuzwa kwa kumuaibisha padri sokoni, na huenda hiyo pia ilikuwa kweli. Baba yangu alikasirika kwa ajili ya shamba, kwamba atabaki nalo peke yake. Tuliondoka kwa miguu, binti mgongoni kwa mama yake, tukapita Kalembe, ambako mashamba yanakwisha na miti inaanza, tukashuka kwenye joto. Kule nilifundisha chini ya paa la majani. Kuna wakati darasa lilibaki nusu kwa sababu wavulana wamepelekwa msituni kwa ajili ya tohara na mafunzo ya wazee wao, na waliporudi walikuwa wanaume, hawakutaka tena kusimama mstarini kwa ajili ya kengele yangu. Infirmié, yaani muuguzi, wa dispansari alikuja kujifunza eshek kwangu. Alikuwa mchezaji wa kula kila kitu. Nilimuuliza mara nyingi mpinzani anataka nini, akanijibu kwamba mpinzani ni mimi, nimwambie.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini yule padri wa pikipiki, sasa ameanza kuota mvi, alipita Walikale akala nyumbani kwetu. Ndiye aliyetuambia kwamba mzee amefariki, katika nyumba ya mapadri wazee huko kwao. Alikuwa amemtembelea akiwa likizo.

"Alikuwa anapenda kueleza ile safari," akasema. "Vile alivyoendesha kutoka Masisi mpaka Goma ndani ya ukungu, macho yamekwisha, na mwanamuke mgonjwa nyuma. Mpaka mlango ya hospitali. Kila mugeni alielezwa."

"Alisema mpaka Goma?" mke wangu akauliza.

"Mpaka Goma. Sivyo?"

Mke wangu alinigeukia. Mgeni pia akanitazama, kijiko mkononi.

"Ndiyo," nikasema. "Aliendesha yeye."

Mgeni akaendelea kula. Mke wangu alisimama, akatoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akaenda nazo nyuma ya nyumba. Mgeni alipoondoka nilimfuata. Alikuwa anaziosha kwa nguvu.

"Yule shofere wa Sake," akasema, "aliacha muhindi wake juu ya tairi. Aliacha lori yake na mizigo ya bantu. Hatujui hata jina yake, na leo umemutoa mule ndani ya gari."

Nikamwambia mzee amekufa, haina madhara.

"Mimi njo nilikuwa nalala pale nyuma," akasema. "Siyo wewe."

Akanigeuzia mgongo, akamwita binti yetu aje ashike sahani.